Paka na Mbwa kutoka Kituo cha Hifadhi: Somo kwa Kaya Inayotaka Kuchukua Mnyama

Anayefika soko la Darajani au diko la Malindi wakati wa asubuhi huwakuta paka wamekwishatangulia. Huketi chini ya meza za wauza samaki wakingojea vichwa na matumbo yanayotupwa. Baadhi yao wana wenyewe, na wengi hawana. Katika vijiji vya pwani, kuanzia Nungwi hadi Jambiani, hali kama hiyo huonekana kwa mbwa wanaorandaranda ufukweni na nyuma ya majiko ya mahoteli.

Wanyama hawa hawakushuka kutoka mbinguni. Ukifuatilia asili ya kila mmoja, mara nyingi utaishia kwenye mlango wa nyumba: paka aliyezaa darini, watoto wake wakatiwa katika mfuko na kuachwa pembezoni mwa soko, mbwa aliyefugwa kulinda jengo, ujenzi ukamalizika na mlinzi akaondoka bila yeye, au mtoto wa mbwa aliyelishwa na mgeni kwa wiki mbili, mgeni akapanda ndege na mbwa akabaki.

Njia mojawapo ya kuipunguza hali hii ni kaya kumchukua paka au mbwa kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama badala ya kumwokota au kumnunua. Hapa Unguja kazi ya kuwatibu na kuwahifadhi wanyama hufanywa na jumuiya kama ZAASO, inayowahudumia mbwa, paka na punda. Mnyama aliyechanjwa, akafungwa kizazi na kupewa makaazi huwa amesaidiwa yeye, na mtaa wote huwa umepata kinga. Kinyume chake, mnyama anayechukuliwa kwa pupa hurudi mtaani, na hurudi akiwa hajui tena kujitafutia.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza uhusiano uliopo baina ya mnyama wa nyumbani na maradhi ya kichaa cha mbwa;
(b) kuipima kaya yake kabla ya kuchukua mnyama;
(c) kuuliza maswali yanayofaa kituoni, na
(d) kumlea mnyama kwa usalama wake na wa majirani.

1. Kwa nini jambo hili linahusu huduma za jamii?

Kichaa cha mbwa ni maradhi yanayosababishwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia binadamu kwa kung'atwa, kuparuzwa, au mate kugusa jeraha, macho au mdomo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizo ya binadamu hutokana na mbwa. Miongoni mwa watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na maradhi haya, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishadhihiri kwa mgonjwa, takriban hakuna anayepona. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kifo hicho kinazuilika: chanjo ya kwanza kwa binadamu ilitolewa na Louis Pasteur mwaka 1885.

Ndugu zetu wa Pemba wanatupa somo la karibu. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima ziliukata mnyororo wa maambukizo mwaka 2014. Mwaka 2016 maradhi yalizuka tena, na ikalazimu chanjo kuanza upya hadi mnyororo ulipokatwa kwa mara ya pili mwaka 2018. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kisiwa kinaweza kuondokana na maradhi haya. Pili, bahari peke yake si ukuta, kwani mbwa mmoja aliyepakiwa chomboni anaweza kuyarudisha.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya tatizo ni kuwaua mbwa wote wanaorandaranda. Kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kilijaribu njia hiyo baada ya maradhi kuingizwa kwa mbwa walioletwa na chombo mwaka 1997. Mbwa wengi mno waliuawa, lakini maradhi yaliendelea kuwepo. Sababu zake si ngumu kuzifahamu. Mbwa wakiuawa, chakula na nafasi waliyoiacha huchukuliwa na mbwa wachanga wasiochanjwa. Wenye mbwa nao huwaficha au kuwahamishia vijiji vingine, na pengine huhama na maradhi. Aidha, anayeua hachagui, na huangamiza pamoja nao mbwa waliochanjwa ambao walikuwa ndiyo ngao ya mtaa.

2. Hesabu ya kinga

Wataalamu wanaelekeza kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili maradhi yakose njia ya kuenea. Tuchukue mfano wa hesabu. Shehia ina mbwa 40, na mbwa 28 wamechanjwa. Hiyo ni asilimia 70 kamili, na shehia imesalimika.

Mwaka unapita. Miongoni mwa mbwa waliochanjwa, 8 wanakufa au kuhamishwa, wanabaki 20. Wasiochanjwa ni 12. Katika mwaka huo huo watoto 12 wanazaliwa na hakuna anayewachanja. Sasa shehia ina mbwa 44, na waliochanjwa ni 20 tu, sawa na asilimia 45. Hapana aliyefanya kosa kubwa, lakini kinga imebomoka.

Hesabu hii inatuonesha kwamba chanjo na uzazi ni mambo yanayokwenda pamoja. Pale mbwa wanapofungwa kizazi na wachache kuzaliwa, kinga hudumu zaidi. Kwa paka hesabu ni ya haraka zaidi: paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, hubeba kwa takriban miezi miwili, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mtu aliyemhurumia paka mmoja mwezi wa Januari anaweza kujikuta na nyumba iliyojaa kabla ya mwaka kumalizika. Hapo ndipo mfuko wa kwenda kuwatupa sokoni unapotafutwa.

3. Tuipime kaya kabla ya kumpima mnyama

Paka anayetunzwa vyema anaweza kuishi miaka 15 au zaidi, na mbwa miaka 10 hadi 13. Mtoto wa darasa la kwanza anayeomba paka leo huenda akamaliza skuli ya sekondari na paka bado yupo. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kituoni, watu wa nyumba wakae na kuyajibu maswali haya kwa uwazi:

Je, wote wameridhia? Mnyama aliyeletwa na mmoja na kuchukiwa na watatu hatadumu.

Je, nyumba inamfaa? Mwenye kupanga apate ridhaa ya mwenye nyumba. Katika majumba ya ghorofa kama ya Michenzani, paka anaweza kuishi vizuri, lakini mbwa atakosa nafasi na atawasumbua majirani. Katika nyumba za Mji Mkongwe zenye madirisha yasiyo na nondo na mapaa ya wazi, izingatiwe hatari ya paka kuanguka.

Je, kipato kinatosha? Zipo gharama za chakula cha kila siku, chanjo ya kila mwaka, dawa za minyoo, kupe na viroboto, na matibabu ya dharura.

Nani atabaki naye tukisafiri? Ikiwa jawabu ni "atajitafutia mwenyewe", basi bado hatujawa tayari.

Je, nyumbani mna mja mzito au mtu mwenye pumu? Mja mzito hakatazwi kuishi na paka, lakini asisafishe kinyesi chake, kwani kinaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo ifanywe na mwengine, kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni.

4. Suala la tohara na mafundisho ya dini

Wananchi wengi wa Unguja ni Waislamu wafuatao madhehebu ya Shafi, na ni haki yao kuuliza suala hili. Kwa paka hapana tatizo: ni mnyama tohara, na sahaba Abu Huraira amejulikana kwa jina hilo kwa ajili ya mapenzi yake kwa paka. Mafundisho yanatutahadharisha pia juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie.

Kwa mbwa, madhehebu ya Shafi huhesabu mate na unyevu wake kuwa najisi nzito, inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo, kumfuga kwa ajili ya ulinzi, mifugo, shamba au uwindaji kumeruhusiwa. Mashamba ya kusini mwa Unguja yamelindwa kwa muda mrefu na wasasi wenye mbwa, wanaowasaka nguruwe mwitu waharibuo mazao. Kaya ya aina hiyo humjengea mbwa banda lake nje, humtengea vyombo vyake, na huweka mahali pa kuoshea. Kuwa najisi hakumwondolei haki ya kuhurumiwa. Sote tunazijua habari za aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mwenye suala mahsusi la hukumu amwendee mwanachuoni wake au Ofisi ya Mufti.

5. Kituoni: nini cha kutazama na kuuliza

Usichague kwa rangi ya manyoya. Keti na mnyama kwa muda, na ikiwezekana nenda naye mara mbili kabla ya kuamua. Mtoto wa paka au wa mbwa hupendeza, lakini huhitaji mafunzo na uangalizi mwingi. Mnyama mzima tabia yake imeshajulikana, na mara nyingi humfaa zaidi mzee, mfanyakazi wa kutwa, au kaya inayofuga kwa mara ya kwanza.

Waulize wahudumu:
- Ana umri gani, na alifikaje kituoni?
- Amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Lini, na kadi yake iko wapi? Chanjo hii kwa kawaida huanza akiwa na umri wa miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka.
- Amefungwa kizazi au kuhasiwa? Ikiwa bado ni mdogo, atarejeshwa lini kwa ajili hiyo?
- Amepewa dawa ya minyoo?
- Huishije na watoto, paka wengine, kuku na mbuzi?
- Ikitokea tukashindwa kumlea, je, kituo kitampokea?

Swali la mwisho lisionewe aya. Kumrejesha mnyama kituoni ni uungwana. Kumwacha njiani usiku ni khiyana kwake na kwa majirani. Na ukitakiwa kutoa mchango, fahamu kuwa hiyo si bei ya mnyama, bali ni sehemu ya gharama za chanjo, upasuaji na chakula alichokwishakula.

6. Wiki za mwanzo nyumbani

Mnyama aliyetoka kituoni hufika akiwa na hofu. Mwandalie chumba kimoja tulivu chenye maji, chakula, mahali pa kulala na, kwa paka, beseni la mchanga lililowekwa mbali na chakula. Paka asitolewe nje kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Akitoka mapema atajaribu kurudi alikotoka na atapotea katika vichochoro. Mbwa naye afungwe kamba anapotolewa matembezi, na asiachwe akiwa amefungwa mnyororo mchana na usiku, kwa sababu mbwa wa mnyororo huwa mkali zaidi.

Watoto wafundishwe mambo manne: wasimguse mnyama anapokula, wasimwamshe kwa kumshtua, wasimvute mkia au masikio, na wasimkimbie mbwa wasiyemjua. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa hata kama mbwa huyo ni mpole.

Katika chakula, zipo desturi zinazostahiki kurekebishwa. Paka wengi wazima hawasagi maziwa vizuri na huharisha. Maji safi yanawatosha. Dagaa wa chumvi waroweshwe na kuoshwa, wala wasiwe chakula cha kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na huweza kutoboa matumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa paka na mbwa.

Kuna hatari mbili nyengine ambazo wengi hawazijui. Kidonge cha paracetamol, ambacho wengi hukiita Panadol, humwua paka hata kwa kiasi kidogo. Vivyo hivyo, baadhi ya dawa za kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa au ng'ombe, hasa zenye permethrin, ni sumu kali kwa paka. Usimpe mnyama dawa ya binadamu, wala paka dawa ya ng'ombe, bila ya kumuuliza daktari wa mifugo.

7. Akimng'ata mtu

Sehemu hii ikatwe na kubandikwa ukutani. Mtu aking'atwa au kuparuzwa na mbwa au paka, awe wa nyumbani au wa mtaani, aliyechanjwa au asiyechanjwa:

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Usipake majivu, mafuta, pilipili wala dawa ya meno.

Pili, nenda siku hiyo hiyo katika kituo cha afya au hospitali. Uamuzi wa kuchanjwa ni wa mhudumu wa afya, wala si wa jirani. Ukianzishiwa chanjo, maliza dozi zote kwa tarehe ulizopangiwa, hata kama jeraha limepona. Maradhi haya huweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi kabla ya kudhihiri.

Tatu, mnyama asiuawe ikiwa anaweza kufungiwa kwa usalama. Mfungie na umtazame kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Matibabu ya aliyeng'atwa yasisubiri siku hizo zimalizike.

Nne, toa taarifa kwa sheha na kwa ofisi ya mifugo ya wilaya, ili wengine walioumwa na mnyama huyo watafutwe.

Dalili za kutilia shaka ni mabadiliko ya ghafla ya tabia: mbwa mpole kuwa mkali, au mkali kuwa mnyenyekevu kupita kiasi, kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, kubadilika sauti, kupepesuka au kupooza. Usimkaribie wala usitie mkono mdomoni mwake ukidhani amekwamwa na mfupa.

8. Wajibu wa mfugaji kwa mtaa wake

Aliyemchukua mnyama amebeba amana. Ni busara kumjuilisha sheha kuwa kaya ina mbwa, ili kampeni ya chanjo inapofika jina la nyumba liwemo katika hesabu. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka za nyumba. Mbwa avae ukosi, kwani mbwa mwenye ukosi hutambulikana kuwa ana mwenyewe. Anayetaka kumsafirisha mnyama baina ya Unguja, Pemba na Tanzania Bara awaone kwanza maofisa wa mifugo kwa ajili ya ukaguzi na kibali. Tumekwishaona jinsi mnyama mmoja anavyoweza kubatilisha kazi ya miaka.

Kwa wenye mahoteli na nyumba za wageni: mabaki ya chakula yanayoachwa wazi hulea mbwa wasio na wenyewe. Funikeni majaa yenu, na mbwa mnaowalisha mara kwa mara wahesabuni kuwa ni wenu, muwachanje na kuwafunga kizazi. Mgeni anayempenda mtoto wa mbwa wa ufukweni aelekezwe kuchangia kituo cha hifadhi badala ya kumzoesha kisha akaondoka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuwaua mbwa wanaorandaranda hakuondoshi kichaa cha mbwa?
2. Shehia ina mbwa 60. Ni mbwa wangapi wanapaswa kuchanjwa ili ifikie asilimia 70? Watoto 15 wakizaliwa na wasichanjwe, na hakuna mbwa aliyekufa, asilimia hiyo itashuka hadi ngapi?
3. Taja vitu vitatu vinavyopatikana katika nyumba nyingi ambavyo ni sumu kwa paka.
4. Mtoto ameparuzwa na paka wa jirani, na jirani anaapa kwamba paka wake ni mzima. Utafanya nini, na kwa utaratibu upi?
5. Katika kaya yako, nani atamlisha mnyama mkisafiri?

Majibu ya swali la pili ni mbwa 42, na asilimia 56. Swali la tano halina jibu la kitabu. Liulizeni leo wakati wa chakula cha usiku, na ikiwa kila mmoja atamtazama mwenzake, subirini kwanza. Kituo kitakuwepo, na mnyama atakayewafaa atakuwepo pia siku mtakapokuwa tayari. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba kila mwaka. Kwa walio na wanyama tayari, iwe ni siku ya kuifungua kadi ya chanjo na kuitazama tarehe iliyoandikwa.